Krayo Nyekundu kwa Kitabu cha Mademwazeli

Jumapili, 5 Februari 1956

Nimepiga pasi nguo ya Furaha, mutoto wetu. Ana mafua. Nimeweka maharagi kwa moto mapema, tukirudi Misa yakuwe yameiva. Kila yenga, kila Jumapili, iko hivi. Halafu Anselmi, bwana yangu, akajimiminia kahawa.

Kahawa mbele ya Misa. Hata mutoto wa katekisimu anajua: toka katikati ya usiku ni maji tu, ukikunywa kingine hauwezi kupokea komunyo. Nilifikiri amesahau. Nikamuambia leo ni siku ya yenga. Akasema anajua. Akaongeza sukari.

Kwa kanisa alikaa upande wa wanaume, miye upande wa wanawake, kama kawaida. Saa ya kupokea ilipofika watu wote wa benchi yake walisimama. Yeye akavuta magoti pembeni, wapite. Maman mumoja nyuma yangu akakohoa. Kikohozi kile ninakijua, hakiponi na dawa.

Hii ni yenga ya pili hapokei.

Jumatatu, 6 Februari

Najua inatoka wapi. Tangu mwezi wa tisa Anselmi iko karani kwa shule mupya ya Leta, ya serikali, kule Ibanda, ile isiyo na mapadri wala masere, masista. Anaandika kwa mashini, anapanga vitabu. Iko mwalimu mumoja pale, muzungu, mwanamuke, hana bwana. Wote wanamuita Mademwazeli. Anakaa Nguba, karibu na maji. Anamuazima Anselmi vitabu vya wazungu wasiosali. Sasa viko viwili juu ya kabati letu, vimefunikwa na gazeti, kama nyama inayokingwa na nzi.

Nilimuona mara moja mbele ya posta. Nywele fupi, sigara mukononi. Si muzuri sana. Ninaandika hii ili nisisahau: si muzuri sana.

Jumatano, 15 Februari

Majivu. Nimerudi na majivu kwa paji la uso, peke yangu. Anselmi aliniangalia, akarudi kwa kitabu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa ananisomea kwa sauti. Kila magaribi. Miye ninachagua maharagi, yeye anasoma: maisha ya watakatifu, gazeti la misioni, hata tangazo la dawa ya mbu. Nikicheka, anarudilia pale pale. Watu wengine walileta viti na nguo kwa arusi yetu. Yeye alileta sauti ile. Nilijiona tajiri.

Leo anasoma kimya. Ghafla akacheka. Nikamuuliza anacheka nini.

"Ni vigumu kukueleza."

Vigumu. Miye ninafundisha mwaka wa pili kwa shule ya masere. Kazi yangu ni kueleza vitu vigumu, kwa watoto wenye njaa, mvua ikipiga mabati.

Ingekuwa mwanamuke wa hapa Kadutu ningejua la kufanya. Ningemungojea kwa fontene, pale tunapochota maji, ningemuvua kitambaa mbele ya watu. Kitabu nitakivua nini?

Jumamosi, 18 Februari

Anselmi ameenda kuangalia balo, mupira. Nimefungua kitabu kile anachopenda zaidi.

Kifaransa. Changu ni cha shule, kinatembea polepole. Lakini sikuhitaji Kifaransa kwa nilichoona. Pembeni mwa maandishi mutu ameandika na krayo, kalamu ya risasi, ya bluu, herufi za kulala. Hiyo ni ya Mademwazeli. Chini yake krayo nyeusi. Mwandiko huo ninaujua tangu barua za uchumba. Bluu anauliza, nyeusi anajibu. Bluu anaweka alama ya kushangaa. Nyeusi anaandika mustari mrefu, anageuza kona, anapanda juu ya ukurasa.

Wanaongea. Hapa ndani ya nyumba yangu, juu ya kabati langu, wanaongea ukurasa kwa ukurasa. Nami niko pembeni ninapika bugali.

Nimekifunga. Nimekirudishia gazeti lake. Nitaliandika neno lenyewe, hakuna mutu wa kunisoma hapa: wivu. Si huruma ya roho yake. Si hofu ya moto wa milele. Wivu.

Jumapili, 19 Februari

Kahawa tena.

Nimesali Mademwazeli arudishwe Ulaya. Halafu nikasali apate malaria, kadogo tu. Halafu nikaomba musamaha juu ya malaria.

Jumanne, 21 Februari

Nimeenda kuungama kwa padri wa ndevu. Nilisema yote: kahawa, kitabu, shule ya Leta, magoti yanayovutwa pembeni. Nilisema kwa utaratibu muzuri, kama ninafundisha. Nilipomaliza akauliza:

"Hizo ni dhambi za bwana yako, mama. Zako ziko wapi?"

Sikuwa nimezileta. Nimetafuta haraka haraka, nikampa malaria.

Amenipa malipizi. Akasema kitabu cha namna ile hakilali katika nyumba ya wakristu, nikilete misioni, yeye mwenyewe atajua la kukifanyia. Nimetoka nikiwa na furaha mbaya. Nilikiona tayari ndani ya jiko, kimejikunja, bluu na nyeusi pamoja.

Ijumaa, 24 Februari

Shule imefungwa nusu ya siku. Nimekiweka kitabu chini ndani ya kitunga, juu nikaweka sombe, majani ya muhogo, nikashika njia ya misioni.

Katikati ya mulima nikakaa juu ya jiwe kupumua. Nikasema, kabla hakijaungua, acha nijue anacheka nini. Nimetafuta ukurasa wenye krayo nyingi kuliko yote. Nikasoma neno kwa neno, kidole chini ya maneno, kama watoto wangu.

Kitabu kinasema hivi. Tunafundishwa kwamba Musa ndiye aliandika vitabu vitano vya kwanza. Lakini ndani ya cha tano Musa anakufa, anazikwa, analiliwa. Sasa mufu anaandikaje matanga yake mwenyewe?

Nimecheka. Kwa sauti, njiani, peke yangu. Maman mumoja mwenye muzigo wa kuni akanisalimia kwa huruma, kama wanavyosalimia wagonjwa wa kichwa.

Halafu kasirani ikapanda. Hii ndiyo ngumu kueleza? Watoto wa mwaka wa pili wangeielewa mbele ya kengele! Haikuwa ngumu. Aliona akili yangu ndiyo fupi.

Krayo ya bluu iliweka alama mbili za kushangaa. Ile nyeusi iliandika kwamba neno limekwisha, hakuna wa kujibu. Hakuna wa kujibu! Nikatoa krayo yangu nyekundu, ya kusahihisha kazi za watoto. Chini yao wote wawili nikaandika kwa Kiswahili: *Pengine Mungu alimuonyesha mbele. Nani kati yenu amefungua Biblia kuhakikisha?* Halafu, kwa sababu mukono umezoea, nikawapa alama: tano juu ya kumi.

Sikufika misioni. Nimerudi na kitabu, na sombe imenyauka.

Jumamosi, 25 Februari

Nani amehakikisha? Hata miye bado.

Sisi Wakatolika hatuna Biblia nyumbani. Tuko na Historia Takatifu ya shule, yenye picha. Pale Musa anapanda mulima, anaangalia inchi ya ahadi kwa mbali, unageuza ukurasa, Yoshua iko tayari anatembea. Ya padri iko Kilatini. Biblia ya Kiswahili iko kwa Waprotesta.

Nimeenda kwa Maman Rakeli, anayekaanga mikate hapa chini ya kwetu. Bwana yake ni fundi wa mbao, ni watu wa Bunyakiri, wanasali kwa Waprotesta. Nilimuomba taratibu. Macho yake yakajaa maji. Akaniambia Bwana alikuwa ananitafuta siku nyingi. Nikamuambia hakuna anayenitafuta, ninataka tu kuona kifo cha mutu mumoja. Hakusikia. Amenifungia Biblia ndani ya kitenge chake kizuri, akaongeza mikate miwili.

Iko kweli. Anakufa. Anazikwa. Na inasema mpaka leo hakuna mutu anayejua kaburi lake.

Mpaka leo. Leo ya nani? Anayesema "mpaka leo" amesimama mbali, nyuma ya miaka mingi. Kuonyeshwa mbele ninaweza kukubali. Lakini mutu hawezi kuonyeshwa mbele halafu akasema "mpaka leo". Jibu langu la jana limeanguka, nami ndiye nimeliangusha.

Jumatatu nitasimama mbele ya watoto, na juu ya ukuta iko picha ya Musa na kalamu yake.

Lakini nitasema na hii. Chini ya woga iko furaha. Neno lile hakuna aliyeliona. Wala bluu, wala nyeusi. Nimewapita wote wawili.

Jumapili, 26 Februari

Maman Rakeli amefurahi sana. Amefurahi kwa fontene, amefurahi sokoni, amefurahi kwa jirani. Ati Veronika wa Anselmi, ndiye miye, amepata mwangaza. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa kanisa leo mamans walisogea mbali nami. Nimepata nafasi ya watu watatu peke yangu, na Furaha akalala amenyooka kwa benchi.

Anselmi alikunywa kahawa yake mbele ya Misa. Hakuna aliyemuangalia. Wote waliniangalia miye.

Jumatano, 29 Februari

Masere Direktrisi, mukubwa wa shule yetu, ameniita kwa biro, ofisi yake.

Juu ya kitabu cha Mademwazeli hajui kitu. Anajua Biblia. Aliuliza kama ninasali na Waprotesta. Hapana. Kama niko na Biblia yao nyumbani. Ndiyo, masere. Ya kufanya nini? Nikasema nilitaka kusoma kifo cha Musa.

Alinifundisha kusoma yeye mwenyewe, nikiwa kidogo kuliko meza. Akasema Historia Takatifu inatosha kwa watoto, inatosha na kwangu. Nirudishe kitabu kile. Niungame. Nipokee Pasaka mbele ya wote, watu waone jambo limekwisha. Bila hiyo atatafuta mwingine wa mwaka wa pili, hata kama itamuuma. Ninaamini itamuuma.

Bwana yangu anasoma wapagani na kazi yake haiguswi. Miye nimesoma Biblia, na ninapoteza darasa. Sikucheka mbele yake. Nilitaka.

Alhamisi, 1 Machi

Anselmi amechukua kitabu asubuhi, anakirudisha Nguba. Hajui kilicho ndani. Nimemuambia safari njema.

Jumamosi, 3 Machi

Amerudi nacho. Akasimama mulangoni bila kuvua kofia.

Mademwazeli alikuwa anageuza kurasa, akaona nyekundu. Akauliza ni mukono wa nani, na inasema nini. Ikabidi Anselmi amutafsirie, neno kwa neno, mpaka ile tano juu ya kumi. Mademwazeli akacheka mpaka sigara ikamukohoza. Akasema alama ni ya haki. Akamurudishia kitabu, akasema mwenye nyekundu aendelee.

Anselmi hakuwa anacheka.

"Umekisoma na nani?"

Na nani! Nikamuangalia vizuri. Uso ule ninaujua. Nimeubeba tangu mwezi wa tisa.

"Na wewe," nikasema. "Na yeye. Mulikuwa munaongea, nikaingia."

Akauliza kwa nini sikumuomba anieleze. Nikamukumbusha kwamba niliomba, siku ya majivu, akasema ni vigumu. Akakaa juu ya kiti cha Furaha, kile kidogo, magoti yakafika kwa kidevu. Hata hakuona.

Nimemuonyesha "mpaka leo". Alisoma mara mbili ndani ya Biblia ya Rakeli. Akavua kofia.

Halafu nikamueleza ya Masere. Akasema ni kitu kidogo: nirudishe, niungame, niseme ninajuta, ni maneno tu. Hapo tukagombana kweli. Yeye haamini tena, kwa hiyo kusema uongo kwa padri ni bure kama maji ya mvua. Miye ninaamini. Ndiyo sababu siwezi. Hajaelewa. Leo ni yeye ambaye akili ni fupi.

Jumapili, 11 Machi

Anasoma kwa sauti.

Magaribi, Furaha amelala, miye na ungo wa maharagi. Anasoma Kifaransa kimoyomoyo, anatoa Kiswahili. Mahali pengine ninasema hapana, kitabu kinadanganya, aliyekiandika hajawahi kuona mama akizika mutoto halafu akasali. Anakasirika. Anaendelea. Sauti ile ile, imekuwa nzito kidogo.

Ningekuwa mwema ningetosheka. Sijatosheka. Kila mara anasema Mademwazeli anafikiri hivi, Mademwazeli anafikiri vile. Nimemuambia katika nyumba hii aseme "miye ninafikiri", ama anyamaze. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu ninakivaa kila asubuhi.

Alhamisi, 15 Machi

Anselmi amechelewa Nguba, kwa Mademwazeli. Nimemwaga chakula chake kwa kuku wa jirani. Akala mikate ya Rakeli, akasema ilikuwa mitamu.

Jumapili, 25 Machi

Matawi. Nimerudisha Biblia. Maman Rakeli alilia, nami karibu. Amenishika mukono, akasema mulango wake uko wazi. Nimenunua mikate mingi ili nisiseme kitu.

Watoto juzi waliuliza nani aliandika vitabu vya Musa. Picha iko ukutani, swali ni la kila mwaka. Nikasema: Historia yetu inasema Musa. Mutoto mumoja akaniangalia. Wanasikia mutu anaposema "inasema".

Jumatano, 28 Machi

Kuungama ya Pasaka. Foleni mpaka nje. Padri wa ndevu tena.

Safari hii nimeleta za kwangu. Wivu, kwanza. Malaria. Kuiba kitabu ndani ya kitunga. Kumudharau bwana yangu. Chakula kwa kuku. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza juu ya kusoma: kile cha Mademwazeli, na Biblia ya Waprotesta. Ninajuta?

Nimetafuta. Mungu ananiona, nimetafuta kama unavyotafuta ufunguo ndani ya mufuko, unamwaga vyote chini. Majuto ya wivu yalikuwapo. Ya chakula yalikuwapo. Ya kusoma hayakuwapo.

Nikamuambia hapana, padri.

Alingoja. Si mutu mubaya. Nje watu wakaanza kukohoa. Akasema bila majuto hana namna ya kunifungua dhambi, nirudi siku yoyote, hata kesho, hata mwaka kesho. Nikasema asante.

Haijawahi kunifikia tangu komunyo ya kwanza. Nimelia nyuma ya kanisa, pale wanapoweka ngazi na matofali.

Jumamosi, 31 Machi

Nimemuambia Anselmi. Kesho Kadutu yote itapanda kupokea, mpaka wazee wanaobebwa. Miye nitabaki nimekaa. Masere ataona. Ningeweza kulala nyumbani, niseme ni tumbo. Sitalala. Pasaka ni yangu vilevile.

Anselmi akaweka makala ya moto ndani ya pasi, akanyoosha shati lake jeupe mwenyewe. Ameunguza kola. Tangu tuoane hajawahi kushika pasi.

Jumapili, 1 Aprili

Pasaka.

Nimepika kahawa. Nimemimina vikombe viwili. Aliangalia cha pili, akaangalia miye, akasukuma sukari upande wangu. Tukakunywa tumekaa. Yangu ilikuwa kali.

Kanisa lilijaa, wengine walisimama nje. Kengele ya kupokea ikalia. Benchi yangu wote wakasimama, nikavuta magoti pembeni, wapite. Sasa najua ni kazi: mutu anakukanyaga, unasema si kitu. Masere Direktrisi alipita karibu. Alisimama mbele yangu kidogo, akaendelea.

Kanisa likawa wazi kabisa. Benchi tupu, vitambaa, vitabu vya nyimbo, kofia. Upande wa wanaume alibaki mutu mumoja. Upande wa wanawake nilibaki miye. Anselmi hakuwa anaangalia chini. Alikuwa ananiangalia tangu mwanzo. Kola yake ilikuwa na alama ya pasi, hapa karibu na shingo.

Walikuwa wengi, walichukua muda murefu kurudi. Tulikaa hivyo.

Mademwazeli hakuwa pale. Yeye haendi kanisani.

Maharagi yameiva vizuri. Furaha ameanguka akaumia goti, limeoshwa. Sasa Anselmi ananisomea, ninaandika huku ninasikia. Jumanne nitajua kama ningali na darasa. Krayo nyekundu nimeichonga, iko juu ya meza.